Naombeni ushauri: redio wamenialika nikatoe maoni yangu na nimekwama

Mtazamo_Mpana (mleta mada):
Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni maana leo siku ya tatu sijalala vizuri. Nina kaukurasa kangu naandika maoni ya wiki kila Jumapili usiku, siasa, uchumi, mpira, burudani vyote humohumo, mimi sio mchambuzi wala nini ni mtu tu anayesema anavyoona. Kalianza kama utani kwenye grupu la kazini, watu wakawa wanasambaza, sasa kuna redio wamenitafuta wanataka niende Jumamosi, saa nzima mubashara, wasikilizaji wanapiga simu wanauliza chochote. Swali langu dogo tu: nichague mada moja niisome vizuri au niende hivohivo na mchanganyiko wangu?

Kichwa Ngumu:
Nenda mkuu. Mie niliwahi kupiga simu kipindi cha michezo nikakaa hewani sekunde tisa, mtangazaji akanikata nilipotaja marefa. Mpaka leo naamini aliniogopa.

DadaHesabu:
Uchumi kama huujui usiuguse. 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi wa sita, baadae ukashuka, watu wakaanza kuuliza mbona bei hazijarudi kama zamani. Zitarudije? Mfumuko ukishuka maana yake bei zinapanda taratibu, sio kwamba zimeshuka. Kama huwezi kumweleza hilo mpiga simu mwenye hasira, baki na mpira.

Mtazamo_Mpana:
Dada hilo niliandika kabisa. Nikafananisha na mtu anapanda ngazi, kachoka kapunguza mwendo, lakini bado yuko anapanda.

DadaHesabu:
Mfano mzuri huo. Haya, benki kuu yao ikapandisha riba kutoka karibu na sifuri mpaka kupita asilimia 5. Kwa nini riba?

Mtazamo_Mpana:
Hapo ningeomba muda kidogo nitafakari.

Fundi Mitambo:
Siasa ndio itakumaliza ndugu yangu. Serikali ya Liz Truss kule Uingereza Septemba 2022 ilikuja na mpango wa kupunguza kodi, masoko yakavurugika, pauni ikaporomoka, mama wa watu hakufikisha siku 50 madarakani, na yule ana washauri jengo zima. Mimi na kaka yangu mwaka wa pili huu hatusalimiani kisa uchaguzi wa nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kukanyaga. Mama anatupikia kwa zamu. Samahani nimetoka nje ya mada.

Mzee wa Kiti cha Nyuma:
Mleta mada, aliyetunga ule mfano wa ngazi hawezi kushindwa swali la riba. Kuna kitu hujasema. Sema tukusaidie.

Mtazamo_Mpana:
Mzee umenibana. Haya. Maoni sio yangu yote. Yaani mengi ni ya mjomba. Kahamia kwangu mwaka jana baada ya kustaafu, kila jioni taarifa ya habari ikiisha anaanza kuongea, mimi nakaa pembeni na simu naandika. Nikipata muda napanga panga, naweka na koma.

Kichwa Ngumu:
😂😂😂 Kwahiyo wewe ni wa koma

Bi Nidhamu:
Huo ni wizi mwanangu, hata kama ni wa ndani ya nyumba. Anajua?

Mtazamo_Mpana:
Anajua naandika.

Bi Nidhamu:
Anajua unaweka jina lako?

Mtazamo_Mpana:
Hajawahi kuuliza. Halafu tusikuze mambo, yeye anaongea tu yanapotea hewani, mimi ndio nimeyafikisha kwa watu. Na redio nimeshawakubalia, picha yangu imeshatoka kwenye tangazo lao, kurudi nyuma haiwezekani. Mpango wangu ni kuweka kile kidude cha sikioni, mjomba awe kwenye simu nyumbani, ananiambia na mimi narudia.

Fundi Mitambo:
Nimefanya kazi studio. Watakuvalisha hedifoni zao kubwa mashikio yote mawili. Hicho kidude utakiweka puani?

Mzee wa Kiti cha Nyuma:
Mbona usimpeleke mjomba mwenyewe?

Mtazamo_Mpana:
Mjomba hawezi mubashara, anachukua muda kufika kwenye pointi. Lakini akifika! Siku Argentina wamefungwa na Saudi Arabia 2-1 kombe la 2022, mimi nacheka, yeye katulia pale kwenye kiti akasema hawa ndio mabingwa. Fainali ikaisha 3-3 na Ufaransa, Mbappé kafunga tatu peke yake, penalti 4-2, Argentina kombe. Hakushangilia hata, akaenda kulala.

Jicho la Tatu:
Subirini kidogo. Mjomba kahamia mwaka jana. 2022 mlikuwa mnaangalia mpira pamoja kwenye kiti gani? Wakuu hii ni chai. Hakuna mjomba hapa. Mjomba ni akili bandia, anaiuliza swali inamjibu, anaweka koma. Redio nayo sina uhakika kama ipo.

Mtazamo_Mpana:
2022 alikuwa kaja kutembea.

Jicho la Tatu:
Kutembea mwezi mzima wa kombe. Endelea kukoroga.

Bi Nidhamu:
Waandishi wa Hollywood waligoma siku 148 mwaka 2023, moja ya madai yao mashine isichukue kazi yao. Huyu kama mjomba ni mashine basi kaigeuza mtumwa, kama ni mtu basi kaibiwa. Kote pabaya.

Mtazamo_Mpana:
Jamani akili bandia gani inakoroma? Mjomba rimoti kaifunga raba ya nywele ya binti yangu betri zisidondoke, akitaka kuongea lazima kwanza azime sauti ya tivii, akikosea jina la waziri hasongi mbele, anarudi mwanzo wa sentensi anaanza upya. Nitungie hiyo nipate nini?

DadaHesabu:
Raba ya nywele imenishawishi kidogo.

Jicho la Tatu:
Mimi bado. Chai nzuri huwa na maelezo mengi.

Kichwa Ngumu:
Chai au sio chai, mjomba anasemaje kuhusu Kombe la Dunia la timu 48?

Mtazamo_Mpana:
Anasema ni biashara tu, mechi zimetoka 64 zikawa 104, wachezaji watachakaa na hatua ya makundi itakuwa haina presha. Hapo huwa tunabishana mpaka anazima tivii. Afrika ilikuwa na nafasi 5, sasa 9 za moja kwa moja. Moroko 2022 kafika nusu fainali, wa kwanza Afrika, tena kwenye hizo tano za kugombania. Timu ngapi nzuri zilikuwa zinabaki nyumbani kwa goli moja la ugenini?

DadaHesabu:
Hilo la nafasi 9 ni la nani?

Mtazamo_Mpana:
Langu.

Kichwa Ngumu:
Chai.