Kikundi: Nyumbani Kilema, Kilimanjaro

Doreen: Shikamooni wakubwa. Filamu fupi imekamilika, dakika 14. Itazameni kabla sijaipeleka kokote.

Anko Beatus: Marahaba. Bando limeisha, simulia kwanza.

Doreen: Mzee na jirani yake mjane wamebaki wawili kitongoji kizima. Mfereji umeziba, migomba inakauka. Wanapanda kuuzibua na jembe moja, wanapokezana. Njiani kila nyumba ina kufuli. Mjane ni Bibi mwenyewe.

Mwalimu: Bibi kwenye mfereji! Enzi za baba ile ilikuwa kazi ya wanaume. Kila nyumba ilitoa mtu, asiyetokea anatozwa faini.

Shangazi Gaudensia: Hao wanaume wako wapi sasa, Kariakoo? Juzi tumezibua wazee watupu. Kijana wetu amestaafu.

Neema: 😂😂😂

Anko Beatus: Nimenunua bando. Doreen, dakika ya tatu hiyo si nyumba yangu?? Umelisogelea kufuli mpaka kutu inahesabika!

Shangazi Gaudensia: Na hapo imepungua. Nalitia mafuta ya kupikia, la sivyo kila Desemba ungevunja mlango. Vyumba sita, wanaolala ni popo.

Anko Beatus: 🚫 Ujumbe huu ulifutwa

Mwalimu: Tusimwonee Beatus. Ada zetu sote zililipwa na kahawa tuliyopeleka KNCU, chama chetu cha ushirika. 1989 mkataba wa kahawa wa dunia ukavunjika, bei ikaporomoka, watu wakang'oa mibuni. Kihamba chenyewe, shamba la ukoo, kidogo, wana wa kiume wanne. Ungekigawaje?

Prosper: Ila dada Doreen, kukionyesha kitongoji kama mahame umezidisha. Desemba pale hata pa kuegesha gari hupati.

Shangazi Gaudensia: Januari je?

Prosper: …

Doreen: Shangazi, Bibi ameiona?

Shangazi Gaudensia: Ameiona kwenye simu yangu, mara mbili. Anasema hivi, naandika kama alivyotamka: "Mtoto alitaka nilie pale mwisho. Nilie nini na ng'ombe hajakatiwa majani? Lile jembe ndilo arudie, nililishika ovyo kwa ajili ya kamera."

Doreen: 😂 Mwambie kilio nilikifuta. Mwisho anaondoka tu na mzigo wa majani.

Anko Beatus: Dada, ufunguo wa nyumba yangu uko kwa nani? Mtafute mtu anayeaminika, akae.

Shangazi Gaudensia: Unao wewe huko Dar.

Anko Beatus: Basi kesho nampa kondakta wa basi.

Shangazi Gaudensia: Mpe na hela ya vibarua wa mfereji.