Mdogo wangu ana lupasi, figo hazimuumi, na bado daktari anataka kuchukua kinyama: tukubali?

Mkaa Kihonda (muuliza swali)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nina mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 24, ambaye kwa takribani mwaka mzima alitibiwa malaria, taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo bila kupata nafuu ya kudumu, huku viungo vya vidole vikimuuma kila asubuhi na nywele zikinyonyoka. Mwezi uliopita uso ulianza kuvimba kila anapoamka, na miguu kila jioni. Tulipomfikisha hospitali ya rufaa, vipimo vilionyesha kuwa ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Mkojo wake wa saa 24 ulikutwa na protini gramu 2.8, presha ni 150 kwa 95, lakini kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo huichuja, iko katika kiwango cha kawaida.

Daktari anashauri achukuliwe kinyama cha figo kwa sindano kikapimwe, kisha aanze dawa za kushusha kinga ya mwili ambazo atazitumia kwa miaka. Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mama anasema figo isiyouma haichokolewi. Shangazi ameleta unga wa mizizi. Mgonjwa mwenyewe, tangu apewe vidonge vya kupunguza maji mwilini, uvimbe umeshuka na anajiona amepona. Swali langu ni hili: ikiwa damu inaonyesha kwamba figo zinafanya kazi, kinyama ni cha nini?

Muuguzi wa Zamu

Pole sana, kaka. Nina miaka 11 katika kliniki ya figo hapa Dar es Salaam. Mimi si daktari wa mdogo wako, kwa hiyo chukua haya kama maelezo, siyo maagizo.

Nianze na neno la mama, kwa sababu nalisikia karibu kila wiki na ndilo linalowachelewesha wengi. Katika lupasi, kinga ya mwili hutengeneza askari wanaoshambulia mwili wenyewe, hata chembe za urithi zilizomo ndani ya seli. Askari hao hugandamana na kile wanachokishambulia, na mabonge hayo madogo hunasa kwenye vichujio vya figo, ambavyo ni takribani milioni moja katika kila figo, kisha huwasha uvimbe humo. Uvimbe huo hauumi. Kinachotokea ni kwamba kichujio hutoboka, protini ya damu huvujia kwenye mkojo, mkojo hutoa povu kama la sabuni, na maji hukimbilia usoni na miguuni. Kwa hiyo kutokuumwa hakutuambii lolote, si la heri wala la shari.

Kreatinini nayo ni shahidi anayechelewa kufika. Vichujio vilivyobaki salama hubeba kazi ya vilivyoumia, na mtu anaweza kupoteza hata nusu ya uwezo wa figo kabla namba hiyo haijapanda wazi. Protini ndiyo inayosema mapema, na kwa mgonjwa wa lupasi nusu gramu kwa siku inatosha kumfanya daktari afikirie kinyama. Mdogo wako ana gramu 2.8.

Kinyama kinahitajika kwa sababu lupasi ya figo imegawanywa katika madaraja sita, na mkojo peke yake hauwezi kuyatofautisha. Daraja la tatu na la nne ni moto unaowaka, unaohitaji dawa kali bila kuchelewa. La tano huvujisha protini nyingi, lakini mwendo wake ni tofauti. La sita ni makovu matupu, na hapo dawa kali zingemtesa mgonjwa bila kumfaa. Wagonjwa wawili wenye gramu 2.8 zilezile wanaweza kuhitaji matibabu yasiyofanana hata kidogo.

Kuhusu kuchokolewa: mgonjwa hulala kifudifudi, huchomwa ganzi, na daktari akitazama kwa mashine ya utrasaundi huchukua vipande viwili au vitatu vyembamba kama uzi. Hakuna kisu. Baadaye hulala chali kwa saa kadhaa akichunguzwa, na wengine hukojoa damu kidogo kwa siku moja au mbili. Kuvuja damu kwa wingi hutokea mara chache, na ndiyo maana presha ya 150 kwa 95 inapaswa kushushwa kwanza na uwezo wa damu kuganda upimwe. Hilo la presha msilipuuze.

Binti Likoni

Kaka, mimi ni mgonjwa wa daraja la nne, mwaka wa nane sasa, niko Mombasa. Muuguzi amesema ya figo. Mimi niseme ya kuishi na dawa, kwa kuwa huko ndiko mdogo wako atakakochoka.

Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, itamfanya uso uwe duara, njaa isiyoisha, chunusi na usingizi wa mang'amung'amu. Mimi nilikataa kupigwa picha kwenye harusi ya dada yangu. Kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua na uso hurudi, lakini asithubutu kuiacha ghafla, maana mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtu anaweza kuzimia kwa presha kushuka. Haidroksiklorokwini, kidonge cha kutuliza lupasi, ndiyo ya muda mrefu kuliko zote, nayo hudai macho yapimwe mwanzoni na baadaye kila mwaka. Maikofenoleti, dawa ya kushusha kinga, ilinisumbua tumbo mpaka nilipozoea kuinywa pamoja na chakula.

Mwaka wa tatu nilijiona mzima nikaacha vidonge kimyakimya. Protini ilikuwa imeshuka hadi gramu 0.3, baada ya miezi mitano ilikuwa gramu 4. Kosa lilikuwa langu. Lakini kosa jingine lilikuwa la duka moja la dawa, ambako niliuziwa diklofenaki kwa ajili ya jino bila kuulizwa swali hata moja. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huumiza figo zilizodhoofika. Kwa maumivu mwulize daktari kuhusu parasetamoli.

Jambo moja ambalo kaka pengine utaona haya kumwambia: maikofenoleti huharibu mimba, hivyo anahitaji uzazi wa mpango tangu siku ya kwanza, na njia yenyewe achaguliwe na daktari, kwa sababu zile zenye estrojeni, homoni ya kike, huenda zisimfae. Kuzaa si ndoto iliyokufa. Hushauriwa ugonjwa utulie kwa angalau miezi sita, na maikofenoleti ibadilishwe mapema kwa azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga. Mimi nina mtoto wa miaka miwili.

Mzee wa Bustani

Sipingani na wataalamu, lakini jirani yangu alivimba vivyo hivyo, akatumia mizizi, na uvimbe ukaisha. Tusidharau dawa zetu.

Muuguzi wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Mizizi mingi humfanya mtu akojoe sana, na uvimbe hushuka kweli, kama ulivyoshuka kwa binti huyu kwa vidonge. Ningependa kujua protini ya jirani yako ilikuwa ngapi kabla na ngapi baadaye. Unga usiojulikana kilichomo husafishwa na figo zilezile zilizoumia.

Mkaa Kihonda

Nashukuruni nyote. Tutajuaje kwamba dawa zinafanya kazi? Na maikofenoleti ikitushinda bei?

Muuguzi wa Zamu

Mtaijua kwa mkojo, siyo kwa sura. Tunatarajia protini ipungue kwa robo ifikapo mwezi wa tatu, kwa nusu ifikapo mwezi wa sita, na iwe chini ya gramu 0.7 kufikia mwaka mmoja, ingawa wanaovuja sana huchukua muda zaidi. Presha iwe chini ya 130 kwa 80. Dawa za presha kama enalaprili au losartani husaidia presha na uvujaji wa protini kwa pamoja, ila hazitumiki wakati wa ujauzito. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile ya samaki wa ng'onda na vidonge vya mchuzi. Homa yoyote isisubiri nyumbani.

Kuhusu bei, ulizeni bima kabla ya kuanza, kwa sababu kukatiza dawa katikati ni hatari. Ikishindikana, ipo siklofosfamaidi, dawa nyingine ya kushusha kinga, ya dripu, miligramu 500 kila baada ya wiki mbili, mara sita, kisha azathioprini. Kwa kiwango hicho kidogo, hatari kwa uwezo wa kuzaa ni ndogo kuliko ile ya dozi kubwa za zamani, lakini mgonjwa mwenyewe aelezwe.

Mkaa Kihonda

Nimewasomea mama na shangazi majibu haya jana usiku. Mama amekubali kwenda nasi kliniki Alhamisi amsikilize daktari mwenyewe. Leo asubuhi presha ilikuwa 138 kwa 88. Unga wa mizizi nimeufunga kwenye mfuko, tutakwenda nao.