Moshi–Dar, safari za Kongo au tajiri wa Arusha: kazi ipi inaacha pesa nyumbani?

MamaPasua
Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo. Naomba tulinganishe kazi tatu. Mume wangu ana leseni daraja E, anaendesha semi ya ekseli sita. Tunaishi Moshi.

Ya kwanza ni alipo sasa, kampuni ya hapahapa Moshi: sukari kwenda Dar, kurudi na mzigo wowote utakaopatikana. Mshahara wa msingi 400,000, posho 110,000 kwa tripu, tripu 5 kwa mwezi, kila tripu siku 4. NSSF inakatwa.

Ya pili ni kampuni ya Dar, safari za Dar hadi Lubumbashi na kurudi na shaba. Msingi 500,000, posho 1,400,000 kwa tripu nzima. Wanasema mkataba upo, nakala hatujaiona.

Ya tatu ni tajiri wa Arusha mwenye semi tatu, Arusha–Mombasa kupitia mpaka wa Holili. Mshahara hakuna, ni 180,000 kwa tripu, anaahidi tripu 7 kwa mwezi. Makubaliano ya mdomo.

Kote chakula cha njiani kinatoka kwenye posho. Tunatakiwa tujibu mwisho wa mwezi huu.

HesabuKwanza
Mama, usipime posho kwa posho. Pima kinachobaki kila siku 30, kwa kufuata siku ambazo tripu inachukua kweli. Naweka chakula na maji ya kuoga 15,000 kwa siku. Badilisha ukiona haitoshi.

Alipo sasa: kwenye 400,000, NSSF yake ya asilimia 10 ni 40,000, zinabaki 360,000. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 za kwanza. 90,000 zinazozidi zinakatwa asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi 352,800. Posho za mwezi 550,000, toa chakula cha siku 20 ambacho ni 300,000, zinabaki 250,000. Jumla 602,800.

Kongo: msingi ukikatwa hivyohivyo unabaki 435,600. Ongeza posho, toa chakula, kisha toa nauli ya basi Dar–Moshi kwenda na kurudi, niiweke 80,000 kwa kila tripu. Tripu ikiisha kwa siku 30, mwezi unaacha 1,305,600. Ikichukua siku 40, ni 975,600 kwa mwezi. Ikichukua siku 60, ni 645,600. Kwenye siku ya 64 mnakuwa mmelingana na Moshi, na baada ya hapo kila siku ya foleni inawarudisha chini ya mlipo leo.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni ya Dar siyo mshahara. Waulizeni tripu tatu za mwisho za gari atakalopewa zilichukua siku ngapi, kuanzia kupakia hadi kurudi Dar. Kifaa cha kufuatilia gari kinaonyesha tarehe zote, hivyo jibu wanalo.

KichwaNaTela
Hesabu ya mkuu hapo juu ni safi ila imeacha shoti ya mafuta, yaani upungufu wa mafuta ambao dereva anaulipa mwenyewe, na kwa safari za Kongo shoti ndiyo inayotafuna posho.

Dar hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000, kwenda na kurudi 4,000. Na gari halirudi tupu, linarudi na shaba, kwa hiyo njia zote mbili lina mzigo. Semi yenye mzigo kamili, kilomita 2 kwa lita ni makadirio ya haki: lita 2,000. Sasa ofisi ikiwa imepanga 2.2, dereva anapewa lita 1,818. Pengo ni lita 182. Ukiweka lita moja 2,800, hizo ni 509,600. Zaidi ya theluthi ya posho imeondoka na hakuna aliyeiba hata tone.

Pengo hilo lina sababu zake. Kwenye foleni za mpakani, Tunduma (kuingia Zambia) na Kasumbalesa (kuingia Kongo), magari yanasogea kidogokidogo, injini inawashwa na kuzimwa siku nzima, na injini kubwa ikinguruma bila kutembea inakunywa lita 2 hadi 3 kwa saa. Kilomita haziongezeki, mafuta yanaisha. Kuna nozeli zilizochoka, kuna tairi zisizo na upepo wa kutosha kwenye tela ambazo dereva hazihisi kwenye usukani. Kuna milima, Kitonga peke yake inatosha kuharibu wastani wa gari lililopakiwa vizuri.

Muulize msimamizi wa magari: makadirio ni ya kila gari au namba moja kwa magari yote? Yalipimwaje? Njia sahihi ni kujaza tangi hadi juu, kwenda, kisha kujaza tena hadi juu na kusoma lita zilizoingia. Mafuta ya foleni yanahesabiwa peke yake au yamo humohumo? Akijibu kwamba "madereva wetu wote wanatosheka," bado hajakujibu.

Kiboriloni
Naungana na KichwaNaTela kuhusu mafuta, lakini tusimtishe dada akaikataa Kongo bila kuipima. Kampuni yenye utaratibu inalipa posho ya siku za kusubiri kuanzia siku fulani ya foleni. Ikiwepo kwa maandishi, hesabu ya siku 60 inabadilika kabisa. Isipokuwepo, anayebeba hasara ya mpaka ni dereva.

Kuhusu tajiri wa Arusha: tripu 7 za Mombasa kwa mwezi ni ahadi ya mwezi usio na tatizo hata moja. Arusha, Moshi, Holili, Taveta, Voi, Mombasa ni karibu kilomita 400 tu, dereva anazimaliza kwa siku. Muda unapotea kwenye kusubiri kontena litoke bandarini na nyaraka zikamilike mpakani. Weka siku tatu na nusu kwa tripu: tripu 7 ni siku 25 barabarani, 1,260,000 toa chakula 375,000, zinabaki 885,000. Mzigo ukilegea zikawa tripu 4, zinabaki 510,000, na hapo hana msingi wa kumshika. Gari likiingia gereji wiki mbili kusubiri kipuri, hiyo ni nusu mwezi ya sifuri.

Halafu kuna kisichoonekana. Leo NSSF inaingia 80,000 kila mwezi, 40,000 yake na 40,000 ya mwajiri. Kwa tajiri hiyo inakuwa sifuri, isipokuwa ajichangie mwenyewe.

MzaniHimo
Nyongeza fupi kuhusu uzito. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, semi ya ekseli sita inapata tani 50: ekseli ya usukani 8, mbili za nyuma ya kichwa 18, tatu za tela 24. Tani 56 ni za ekseli saba. Gari linaweza kuwa chini ya 50 kwa jumla na bado likakamatwa kwa sababu kundi moja la ekseli limezidi. Mifuko ikipangwa mbele zaidi, zile tani 18 za nyuma ya kichwa zinavuka wakati tela lina nafasi. Sukari ina nafuu kwa sababu mifuko inahesabika: tani 28 ni mifuko 560 ya kilo 50, na ukijua tabaka lina mifuko mingapi unajua uzito umekaa wapi. Ulizeni kote kutatu: faini ya mizani kwa mzigo ambao dereva hakuupakia inalipwa na nani?

MkatabaMkononi
Nimesoma yote, naongezea upande wa sheria, kwa sababu "mkataba upo" haitoshi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba uwe wa maandishi, ukiwemo wa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya Tanzania. Safari za Lubumbashi zinawapa haki ya kudai karatasi kabla hajagusa funguo. Mikataba ilikuwa moja ya hoja za mgomo wa madereva wa mwaka 2015, na bado wapo wanaosainishwa ukurasa wa mwisho tu. Asome kurasa zote, abaki na nakala yenye saini ya mwajiri na muhuri.

Mtafute kipengele cha makato. Kifungu cha 28 hakimruhusu mwajiri kukata hasara kienyeji. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aeleze kwa maandishi kiasi na sababu, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mkataba unaosema "upungufu wowote wa mafuta, tairi au mzigo utakatwa wote kwenye posho" urudisheni urekebishwe. Mkiusaini hivyo mtakuja kubishana baadaye mkiwa upande dhaifu.

Jambo linalosahaulika: aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri hana kinga ya kuachishwa isivyo halali. Mumeo akihama anaiacha kinga aliyonayo leo na kuanza upya. Isitoshe, anayeacha kazi mwenyewe hadai kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, na mafao ya kukosa ajira ya NSSF hayamhusu. Kwa hiyo miezi 6 ya kwanza muwe na akiba ya kuwatosha bila mshahara wake. Kodi ya nyumba, chakula na ada.

Kwa tajiri wa Arusha, makubaliano ya mdomo hayamwondolei mumeo haki za mwajiriwa. Mwajiri asipoonyesha maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia huyo mwajiri. Lakini mumeo atunze ushahidi: ujumbe wa simu wa kutumwa safari, tarehe, risiti za mizani, miamala ya malipo. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, mwingine ndani ya siku 60. Wengi wanakosa haki kwa kuchelewa tu.

MamaPasua
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Nauliza mawili. Akienda Kongo, atakuwa nyumbani lini? Na kuondoka hapa Moshi aondokeje bila kuacha deni?

Kiboriloni
La kwanza: kampuni za safari ndefu zinapenda gari lipakie tena mara linapofika. Dar hadi Moshi ni kilomita 560 hivi, basi linameza siku nzima kila upande, kwa hiyo mapumziko ya siku mbili Dar hayamfikishi nyumbani. Sheria inatoa saa 24 za mapumziko kila wiki, au kwa makubaliano ya maandishi saa 60 mfululizo kila wiki mbili. Ombeni iandikwe siku 5 baada ya kila tripu, gari likishikwa na dereva wa akiba. Likizo ya siku 28 iko palepale, isihesabiwe humo.

Pesa nayo: msingi uingie benki ambayo familia inafikia, posho ibaki ya barabara. Vikichanganyika, foleni ya Kasumbalesa itakula ada ya shule.

Nyaraka: pasipoti, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Achanje siku 10 kabla ya safari. Cheti chake sasa ni cha maisha. Asikichanganye na kadi ya njano ya COMESA, hiyo ni bima ya gari na ni kazi ya kampuni. Pasipoti na leseni halisi abaki nazo yeye; ofisi inatosha nakala.

MkatabaMkononi
La pili. Kwanza asaini mkataba mpya, ndipo aandike barua ya kuacha. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila notisi watamdai mshahara wa siku hizo. Adai malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake. Kabla ya kuondoka apite NSSF achukue taarifa ya michango ailinganishe na hati zake za mshahara mwezi kwa mwezi. Pengo likionekana sasa ni rahisi kulifuatilia kuliko akiwa Zambia.

KichwaNaTela
Na makabidhiano ya gari yafanyike mchana, watu wawili wakiwepo, kwa fomu yenye saini. Waandike namba ya odomita, lita zilizomo tangini, jeki, spana ya magurudumu, pembe tatu za tahadhari, kizimamoto, turubai, kamba na minyororo. Tairi zote ziandikwe kwa namba iliyochongwa ubavuni, kichwa na tela. "Tairi 22 nzima" haitoshi, maana likibadilishwa moja baada ya yeye kuondoka, jina lake ndilo litakalotajwa. Ya akiba ishushwe isomwe namba pia.

Afanye hivyohivyo siku ya kupokea gari jipya, apige picha. Safarini akipasukiwa, lililopasuka alirudishe nalo hata likiwa vipande, upande wenye namba. Na kabla ya kutoka na kontena, namba ya sili (lakiri ya mlango wa kontena) aisome kwa macho yake ailinganishe na iliyo kwenye hati ya mzigo. Zikitofautiana hata tarakimu moja, gari lisitoke getini hadi hati iandikwe upya.