Nafasi za Ilboru na shule nyingine za vipaji maalumu: ni akili au ni pesa?

MzaziKijenge
Wadau, habari za jioni. Shule za vipaji maalumu, zile zinazochukua waliofaulu zaidi, ni za serikali: Ilboru hapa kwetu Arusha, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, na kwa wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Mbona mtaani wanasema zinajazwa na watoto wa mchepuo wa Kiingereza, yaani shule zinazofundisha kwa Kiingereza? Mtoto wa darasa la sita shule ya msingi ya serikali ana nafasi kweli, au matokeo yanachezewa?

Ticha_Majengo
Mzazi, la kuchezewa liweke kando. Mtoto haendi kwenye usaili wowote. TAMISEMI, wizara inayosimamia shule hizi, inapanga kwa alama za mtihani wa darasa la saba. Pesa inaingia mapema zaidi, na inaonekana kwenye hesabu. Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja A linaanzia 241, ila huku juu alama chache tu zinamtupa mtu nje.

Chukua mtoto mwenye 46 katika masomo matano: 230. Kiingereza akiambulia 28, ana 258. Mwenzake mwenye 44 kila somo ana 264. Huyo wa kwanza amemzidi mwenzake katika masomo matano, na bado amebaki nyuma. Mchepuo wa Kiingereza wanafundishwa kwa lugha hiyo kutwa nzima. Shule ya serikali ni vipindi tu. Kwa hiyo alama zinapimwa kwa haki, lakini si akili peke yake inayopimwa.

Kibosho_Juu
Nakubali nusu. Karatasi ya Kiswahili ni moja kwa wote, na watoto wa mchepuo huo nao huangusha alama hapo. Kinachowabeba zaidi ni mazoezi. Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Hiyo haichapi majaribio ya kila wiki. Anayelipiwa ada anaingia mtihanini fomu ya OMR, ile ya kujibia inayosomwa na mashine, ameizoea. Mwingine anaweka kivuli hafifu kwenye herufi ya jibu, au anafuta vibaya mashine ikasoma majibu mawili. Alama hizo zinapotea wakati jibu analijua!

MzaziKijenge
Sasa kwa muda uliobaki tufanye nini?

Ticha_Majengo
Kiingereza kila siku, hata nusu saa: kifungu kimoja cha habari, maswali yake, maneno mapya kumi ayatungie sentensi. Mitihani iliyopita afanye kwa saa, ajibu kwenye nakala ya OMR: penseli swali la 1 hadi 40, kalamu ya wino 41 hadi 45. Kila kosa aeleze kwa nini amekosa. Kukariri herufi za majibu hakumsaidii.

Kibosho_Juu
Na muanze kuweka akiba. Ada ilifutwa 2016, lakini godoro, shuka, sare na nauli ni juu ya mzazi. Kwa binti ni kuzito zaidi, maana shule zao ziko Morogoro, Dodoma na Tabora. Mimi ningetaka kila kata ipewe nafasi ya mtoto wake bora kutoka shule ya serikali.

Akikosa, mlango wa pili ni kidato cha tano, nacho hakina ada tangu 2022. Ilboru inapokea hata waliotoka shule za kata. Kwenye mtihani wa kidato cha nne A ni kuanzia 75, na machaguo ya tahasusi (mkusanyiko wa masomo ya kidato cha tano) yahakikiwe kwenye Selform, fomu ya machaguo ya mtandaoni, kabla dirisha halijafungwa.