Leo katika historia: 14 Novemba, kwenye kikundi cha familia

Mjomba Salim: Asalaam aleikum wanafamilia. Swali la leo: nani alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 kule Canada, na kwa nini siku yake ndiyo imekuwa Siku ya Kisukari Duniani?

Idi: Waaleikum salaam. Shikamoo mjomba. Mimi naijua ile alama yao tu, duara la bluu. Ipo kwenye ukuta wa kliniki.

Mjomba Salim: Marahaba. Ni Frederick Banting, daktari. Mwaka 1921 yeye na kijana Charles Best walikuwa Chuo Kikuu cha Toronto, kwenye maabara ya Profesa Macleod. Mbwa aliyetolewa kongosho hupata kisukari. Wao wakamdunga maji waliyokamua kwenye kongosho la mbwa mwingine, sukari ikashuka. Hiyo ndiyo insulini.

Mama Nasra: Na kwa binadamu?

Mjomba Salim: Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14, tarehe 11 Januari 1922. Dawa haikuwa safi, ikamletea jipu. Mwenzao James Collip akaisafisha, tarehe 23 Leonard akachomwa tena na sukari ikashuka. Kabla ya hapo watoto kama yule walinyimwa chakula mpaka wakabaki mifupa, ili tu wasogezewe siku.

Shangazi Rehema: Subhanallah. Kaka, umegusa jambo la hapa nyumbani. Juzi daktari kasema vidonge havimtoshi mama, aanze sindano. Amekataa katakata. Anasema yule jirani alianza sindano, mwezi haukwisha tukamzika.

Mwanaisha: Shikamoo shangazi. Kliniki tunalisikia hilo kila siku na linaniumiza sana. Jirani alikuja mguu umeshaoza na figo zimechoka. Watu wakaona sindano ndiyo ya mwisho, wakaibebesha lawama. Kisukari cha ukubwani ndivyo kilivyo, kongosho linachoka mwaka hadi mwaka, mwishowe vidonge havina cha kusukuma. Si kwamba bibi amekosea masharti.

Mjomba Salim: Mwambieni mama kwamba Thompson aliishi miaka 13 zaidi, na alikufa kwa nimonia.

Shangazi Rehema: Nimemsomea. Kanyamaza, kisha kauliza hiyo dawa ya kila mwezi nani atainunua.

Mjomba Salim: Wagunduzi waliuza haki yao kwa chuo kwa dola 1 kila mmoja, ili asitokee mtu wa kuihodhi. Ndiyo maana naumia nikisikia mgonjwa wa leo imemshinda bei. Kwa mama haitamshinda nasi tupo. Mwezi huu ni wangu.

Idi: Unaofuata ni wangu mjomba.

Mama Nasra: Andikeni na mimi. Lakini bibi hana friji.

Mwanaisha: Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji ya shangazi, kwenye rafu, zisigandishwe hata kidogo. Ikiganda imekufa hiyo, tupa. Inayotumika inakaa nje takriban wiki 4, ila si juani wala karibu na jiko. Tafuteni mtungi mdogo wa udongo, nje uwe na unyevu, dawa ndani kwenye kopo kavu lenye kifuniko.

Shangazi Rehema: Mtungi upo.

Mwanaisha: Na muhimu kuliko yote: akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akianza kusema ovyo, sukari imeshuka. Mpeni haraka maji yenye sukari vijiko vitatu, soda ya kawaida pia sawa, halafu ale. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kila anayelala pale alijue hili, hata watoto.

Shangazi Rehema: Mama anasema atachomwa, ila mara ya kwanza uwepo wewe.

Mwanaisha: Nakuja Jumamosi asubuhi inshallah. Asianze na mtu mwingine. Shangazi, ipige picha ile karatasi ya daktari unitumie sasa hivi, nione ni insulini ya aina gani na kama ni kabla ya kula au usiku.