Jaribio la t kwa michemraba 8 ya zege: hesabu yangu inakubali dai, kitabu kinakataa

Kokoto_Laini

Wakuu, habari. Naomba msaada wa swali la takwimu kwa wahandisi, mwaka wa pili.

Michemraba 8 ya zege yenye pande za mm 150 ilivunjwa siku ya 28. Mizigo ya kuvunja kwa kN ni 585, 612, 540, 594, 567, 630, 549 na 576. (a) Mkandarasi anadai kwamba wastani wa nguvu ya mgandamizo unazidi 25 N/mm². Pima dai hilo kwa kiwango cha 5%. (b) Je, zege hili linastahili kuitwa daraja la 25?

Nilivyofanya: wastani 25.85, mkengeuko sanifu 1.264, halafu 0.85 ÷ (1.264/√8) = 1.90. Hiyo inazidi 1.645, kwa hiyo nikakubali dai. Nyuma ya kitabu wameandika "ushahidi hautoshi". Sehemu (b) nimejibu ndiyo, maana 25.85 ni zaidi ya 25. Wapi panavuja?

Digrii_za_Uhuru

Kubadili mizigo kuwa nguvu umepatia. Kila kN zidisha kwa 1,000, gawanya kwa eneo la 22,500 mm². Kwa mkato, gawanya kN kwa 22.5. Tunapata 26.0, 27.2, 24.0, 26.4, 25.2, 28.0, 24.4 na 25.6. Jumla 206.8, wastani 25.85.

Tatizo linaanzia kwenye mkengeuko. Jumla ya miraba ya tofauti kutoka kwenye wastani ni 12.78. Wewe umeigawanya kwa 8 ukapata 1.5975, na kipeuo chake cha pili ni 1.264. Hiyo ni sahihi pale tu ambapo michemraba hii 8 ndiyo yote iliyopo duniani kwa swali hili. Hapa ni sampuli, kwa hiyo gawanya kwa 7: 12.78/7 = 1.8257, kipeuo cha pili 1.351. Sababu ni kwamba wastani wa 25.85 umetoka kwenye namba hizi hizi, na hakuna namba nyingine ambayo ingetoa jumla ya miraba iliyo ndogo kuliko hiyo. Ukipima kutoka kwenye wastani halisi wa zege lote, ambao huujui, jumla ingekuwa kubwa zaidi au, kwa bahati sana, sawa. Kugawanya kwa 7 kunafidia upungufu huo.

Ukitumia vikokotoo vya Casio vya MS, xσn ndiyo inayogawanya kwa n, na xσn−1 ndiyo unayoitaka. Kwenye ES Plus, chagua sx, achana na σx. Kwenye Excel tumia STDEV.S, siyo STDEV.P. Kabla ya kusoma chochote, ita n (idadi ya data) kwenye kikokotoo: ikija 9 au 16, kuna data ya zoezi lililopita haijafutwa. Hilo huwaangusha wengi chumba cha mtihani, na kanuni yao ilikuwa sahihi kabisa.

Sasa kosa sanifu la wastani: 1.351/√8 = 0.4777. Na t = 0.85/0.4777 = 1.779.

Pili, 1.645 ni ya jedwali la z, yaani la mgawanyo wa kawaida. Inafaa ukiwa umepewa mkengeuko wa zege lote, au sampuli ni kubwa. Hapa mkengeuko umekadiriwa kutoka kwa michemraba 8, na kadirio hilo lenyewe linayumba. Ndiyo maana William Gosset, akifanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin na kuandika kwa jina la Student, alitoa mgawanyo wa t mwaka 1908: sampuli zake zilikuwa ndogo kama hii. Kwa digrii za uhuru 7 (idadi ya sampuli kutoa moja, 8 − 1), mkia mmoja, 5%, jedwali linatoa 1.895. Kwa kuwa 1.779 ni ndogo kuliko 1.895, huwezi kukataa H0 (dhana ya kuanzia, kwamba wastani hauzidi 25). Kitabu kiko sawa.

Angalia kitu kimoja: ukibadilisha jedwali tu na kuacha 1.264, unapata 1.902 dhidi ya 1.895, na bado unakubali dai. Lazima urekebishe yote mawili.

Mkia_Mmoja

Naongezea kuhusu jedwali, maana hapo ndipo maksi nyingi hupotea. Dai ni "unazidi", kwa hiyo H0: μ ≤ 25 na H1: μ > 25, mkia mmoja wa kulia. Swali lingesema "umetofautiana na 25", ungetumia mikia miwili na thamani ingekuwa 2.365.

Vitabu havifanani: vingine vinaandika juu ya safu eneo la mkia mmoja, vingine eneo la mikia yote miwili. Usibahatishe. Shuka hadi mstari wa mwisho kabisa, ule wa digrii zisizo na kikomo. Safu inayoishia 1.645 ndiyo ya mkia mmoja 5%, na inayoishia 1.960 ni ya mikia miwili. Panda na safu hiyo hadi mstari wa 7. Kwenye Excel ni T.INV(0.95,7) kwa mkia mmoja na T.INV.2T(0.05,7) kwa miwili.

Na hitimisho usiandike "H0 ni kweli" wala "mkandarasi ni mwongo". Andika: kwa kiwango cha 5%, data haitoi ushahidi wa kutosha kwamba wastani unazidi 25 N/mm². Thamani ya p (uwezekano wa kupata t kubwa hivi au zaidi kama wastani halisi ni 25) ni karibu 0.059, yaani kwa kiwango cha 10% uamuzi ungegeuka.

Nondo_16

Sehemu (b) ni swali jingine kabisa, na jibu ni hapana.

Daraja la 25 haliahidi wastani. Linaahidi kwamba matokeo yatakayoshuka chini ya 25 hayatazidi 5%. Kwa mgawanyo wa kawaida, mpaka huo uko mikengeuko 1.64 chini ya wastani: 25.85 − 1.64 × 1.351 = 23.63. Haufiki 25. Hata kwa macho, michemraba miwili kati ya 8 (24.0 na 24.4) tayari iko chini.

Mhadhiri akiwa mkali, 1.64 nayo haitoshi, kwa sababu inachukulia kwamba wastani na mkengeuko unavijua kwa hakika. Kwa sampuli ndogo tumia t × √(1 + 1/n) = 1.895 × 1.061 = 2.01, unapata 23.13. Eurocode 0 (kanuni ya Ulaya ya usanifu wa miundo), Kiambatisho D, inatoa 2.00 kwa n = 8 pale mkengeuko usipojulikana, kwa hiyo hesabu hizi zinakutana.

Kanuni ya EN 206 (kiwango cha Ulaya cha zege) kwa uzalishaji wa mwanzo inadai wastani wa matokeo matatu ufike daraja + 4, yaani 29, na lisiwepo tokeo chini ya daraja − 4, yaani 21. Sharti la pili limetimia. La kwanza haliwezekani: hata ukichukua matatu makubwa kuliko yote (28.0, 27.2, 26.4), wastani wake ni 27.2.

Mkengeuko wa 1.35 ni mdogo mno kwa zege la saiti. Kama yote 8 yalijazwa kutoka mchanganyiko mmoja, namba hii inapima mchanganyiko huo tu. Tofauti ya siku hadi siku ya maji, mchanga na saruji haimo. Likiandikwa hivyo kwenye jibu, ni uhandisi wa kweli.

Kokoto_Laini

Asanteni sana wakuu. Moja la mwisho: mwenzangu anasema 24.0 ni ya kutupwa kwa sababu iko mbali na nyingine. Akiiondoa, dai linakubalika.

Digrii_za_Uhuru

Hesabu ya mwenzako inafika huko kweli. Bila 24.0, wastani unakuwa 26.11, mkengeuko 1.216, t = 2.42 dhidi ya 1.943 kwa digrii 6. Uamuzi mzima unageuzwa na mchemraba mmoja, na hiyo ndiyo sababu usiuguse bila hoja.

Pima kwa jaribio la Grubbs, la kukagua namba iliyo mbali na nyingine: (25.85 − 24.0)/1.351 = 1.37. Kwa n = 8, upande mmoja, 5%, mpaka ni 2.032. Uko mbali nao. Isitoshe, 28.0 iko mbali zaidi na wastani kuliko 24.0 (2.15 dhidi ya 1.85), na hakuna aliyependekeza itupwe. Mchemraba huondolewa kwa sababu ya maabara iliyoandikwa kwenye fomu: kona imemeguka, zege halikushindiliwa vizuri, au umevunjika upande mmoja tu kwa kuwekwa vibaya kwenye mashine. Swali lako halijataja lolote kati ya hayo, kwa hiyo yote 8 yanabaki.