Kriketi ya India inaanza kesho: nionyeshe kibandani au niache?

Masta_Rimoti (Dar es Salaam), Ijumaa 21 Machi 2025

Wakuu habari za saa hizi.

Nina kibanda cha kuonyesha mpira, si mbali na Kisutu. Skrini mbili, mabenchi, feni moja inayofanya kazi na nyingine ya kuning'inia tu. Wateja wangu ni wa Simba, Yanga na ligi ya Uingereza. Sasa wikiendi hii ligi ya Uingereza imesimama kupisha timu za taifa, na nimekaa naangalia mabenchi.

Kuna vijana wa maduka ya vitambaa hapa jirani, Wahindi na Waswahili wamechanganyika, wananisumbua wiki nzima: "Masta, Jumamosi tuwekee IPL." Ndiyo hiyo ligi ya kriketi ya India. Wanasema inaanza kesho, Kolkata na Bengaluru. Wameahidi kuja na watu. Mimi kriketi naijua kwa kupita tu pale Gymkhana nikiwa kwenye bodaboda, naona watu wa nguo nyeupe wamesimama mbalimbali kama waliogombana.

Naomba wanaojua wanisaidie. Mechi moja inachukua muda gani? Inaanza saa ngapi kwa saa zetu? Nitaandika nini ubaoni ili hata mtu wa Yanga apate hamu ya kuingia? Nimesoma kwamba kuna mchezaji kanunuliwa rupia milioni 270, nikafikiri niandike jina lake kwa herufi kubwa. Na kingine, tupo kwenye mfungo, sitaki watu walipe kiingilio halafu futari iwakute katikati ya utamu.

Baba_Kulthumu

Kaka, weka tamthilia. Kriketi ni mchezo wa watu wasio na haraka.

Skoa_wa_Upanga

Baba Kulthumu, hiyo unayoisema ni kriketi ya siku tano. Hii ya IPL kila timu inapiga ova 20 tu, na ova moja ni mipira sita, yaani mipira halali 120, basi.

Masta, nianze na saa maana ndiyo biashara. Mechi za usiku kule India zinaanza saa moja na nusu, kwetu ni saa 11 kamili jioni. Zile za mchana, siku zenye mechi mbili, kwetu ni saa 7. Hesabu saa tatu na nusu mpaka nne, kwa hiyo ya jioni inakwisha saa 2 na nusu au saa 3 kasoro. Na kuhusu futari umebahatika: timu ya kwanza inamaliza kupiga kwenye saa 12 na nusu, mara nyingi inachelewa kidogo, kisha kuna mapumziko. Adhana ya magharibi inakuta ova za mwisho mwisho au mapumziko yenyewe. Weka tende na uji mlangoni, hawatatoka.

Sasa ubao. Huyo wa milioni 270 ni Rishabh Pant, kanunuliwa na Lucknow kwenye mnada wa Jeddah, Novemba mwaka jana. Hakuna aliyewahi kununuliwa bei hiyo tangu ligi ianze 2008. Lakini kwanza hachezi kesho, Lucknow wanaingia Jumatatu. Pili, bei ya mnada haikwambii nani atashinda mechi. Ule ulikuwa mnada mkubwa, timu karibu zote zimevunjwa zikaundwa upya. Kila timu ilipewa mfuko uleule wa rupia bilioni 1.2, na uwanjani huruhusiwi kuanza na wageni zaidi ya wanne. Ukitaka mtu fulani na mwenzako anamtaka, bei inaruka. Hiyo ni hesabu ya shida ya mnunuzi siku ile.

Nimekaa meza ya skoa miaka mingi, viwanja vya hapa Dar, penseli na kitabu. Skoa hatazami sura ya mtu, anajaza visanduku: mpira usio na mkimbio, yaani alama, ni nukta, wiketi, yaani mpigaji katolewa, ni W, na sita, mpira uliovuka mpaka bila kugusa chini, ni 6. Ukishajaza vya kutosha unaona mechi nyingi za ova 20 zinaamuliwa ova ya 17 hadi ya 20. Kwa hiyo mimi timu naipima kwa swali moja: nani atarusha hizo nne za mwisho?

Nikupe mfano wa Kolkata haohao wa kesho. Desemba 2023 walimnunua Mitchell Starc wa Australia kwa milioni 247.5, rekodi ya wakati huo. Mechi yao ya kwanza ya msimu wa 2024, pale Eden Gardens, dhidi ya Hyderabad: Starc kapewa ova ya 19. Mikimbio 26! Heinrich Klaasen wa Hyderabad alikuwa anapiga mpira kama ana deni nao. Ikabaki ova moja, Hyderabad wanataka 13 tu, na mpira akapewa kijana Harshit Rana. Kitabu changu cha ova ile kinasomeka hivi: 6, 1, W, 1, W, nukta. W ya pili ni Klaasen mwenyewe. Mpira wa mwisho alikuwepo Pat Cummins, nahodha, anataka 5, hakuugusa. Kolkata 208, Hyderabad 204.

Niwe mkweli kwa Starc, pesa yao aliilipa Mei. Kwenye fainali alimng'oa Abhishek Sharma nguzo, yaani alimtoa, katika ova ya kwanza kabisa, Hyderabad wakaisha kwa 113 na Kolkata wakawa mabingwa. Lakini bila ile ova ya Rana, msimu ungeanza kwa matusi. Leo Starc yuko Delhi, chini ya nusu ya bei ile. Hata nahodha aliyebeba kombe, Shreyas Iyer, hawakumbakiza. Punjab wamemchukua kwa milioni 267.5, na Kolkata sasa wanaongozwa na Ajinkya Rahane.

Kwa hiyo ubaoni andika: BINGWA MTETEZI BILA NAHODHA WAKE. Mtu wa Yanga ataelewa bila tafsiri.

Masta_Rimoti

Mkuu Skoa, shukrani sana. Ila sijashiba. Hizo ova nne za mwisho zina nini cha pekee? Mpira si uleule, mrushaji si yuleyule?

Skoa_wa_Upanga

Mrushaji mmoja haruhusiwi zaidi ya ova nne kwa mechi nzima, kwa hiyo nahodha anawagawa wazuri wake kama anayegawa nyama ya shughuli. Akimmaliza mkali wake mapema, mwishoni anabaki na watu wa kuombea dua. Na wapigaji mwishoni hawaogopi kutoka, wanapiga kila kitu. Tena tangu 2023 kuna sheria ya mchezaji wa ziada: unabadilisha mtu mmoja katikati ya mechi, kwa hiyo timu inaongeza mpigaji halisi bila kupunguza mrushaji. Ndiyo maana mwaka jana ulisikia timu imepata mikimbio 277, halafu 287. Zamani 180 ilikuwa mali.

Halafu umande. Usiku wa India nyasi zinalowa, mpira unakuwa kama sabuni ya mche. Mrushaji anayetaka kuutua kwenye vidole vya miguu ya mpigaji, ile yoka, unamteleza, unafika kiunoni, unapigwa jukwaani. Timu inayorusha ya pili inaonewa. Jana manahodha wamekutana na wakubwa wa ligi, na msimu huu kwa mechi za usiku, timu inayorusha ya pili inaweza kuomba mpira ubadilishwe mara moja baada ya ova ya 10. Unaletwa uliochakaa kiasi kilekile, ila mkavu. Pia wameruhusu tena kuupaka mate, kitu kilichokatazwa tangu korona. Watu wanaizungumza ya mate kwa sababu inachekesha. Ya mpira mkavu ndiyo itakayobadilisha matokeo.

Coast_Leg_Spin (Mombasa)

Skoa, shikamoo. Umesema vizuri ila umekwepa swali lako mwenyewe. Nani wa kutazamwa basi? Usiniambie Bengaluru, manake naona unanyemelea huko. Mimi ni mtu wa Chennai. Bengaluru wamecheza fainali 2009, 2011 na 2016, zote wamelia. Wana Virat Kohli tangu msimu wa kwanza na kabati halina hata kombe moja. Kila Machi mashabiki wao wanasema "mwaka huu ni wetu", kila Mei wanazima simu. Hiyo 287 unayoitaja ilipigwa wapi? Uwanjani kwao! Aprili 2024 Hyderabad waliwapiga mpaka watu wa jukwaani wakawa ndio wadakaji.

Sisi na Mumbai tuna vikombe vitano kila mmoja. Jumapili saa 11 tunakutana Chennai. Masta, hiyo ndiyo mechi ya kuweka skrini kubwa, Dhoni yumo bado na miaka 43 yake. Na Mumbai wanakuja pungufu: mrushaji wao Bumrah mgongo haujapona, nahodha Hardik Pandya kafungiwa mechi moja kwa sababu timu yake ilichelewesha ova mara tatu msimu uliopita.

Skoa_wa_Upanga

Marahaba mwanangu. Ndiyo, Bengaluru. Na hiyo 287 ndiyo hoja yangu, maana ukipigwa hivyo nyumbani unajifunza cha kununua.

Miaka yote walikuwa wanarundika wapigaji. Uwanja wao wa Chinnaswamy ni mdogo, mpaka uko karibu, kwa hiyo kila mwenye bati la kupigia anaonekana shujaa, na kila mrushaji wao anaonekana kibarua. Safari hii Jeddah waliwaacha wengine wagombane na majina. Wao wakamrudisha Josh Hazlewood kwa milioni 125, wakamchukua Bhuvneshwar Kumar kwa milioni 107.5. Huyo Bhuvneshwar alikuwa kwenye kikosi cha Hyderabad kilichowaliza kwenye fainali ya 2016, unamkumbuka. Nahodha wamempa Rajat Patidar, kijana mpole, na Kohli anabaki kupiga tu.

Halafu yupo Yash Dayal, ambaye hawakumpeleka mnadani kabisa. Aprili 2023, Ahmedabad, akiwa na Gujarat, alipewa ova ya mwisho, Kolkata wanataka 29. Mpira wa kwanza mkimbio mmoja. Mitano iliyofuata Rinku Singh alipiga sita, sita, sita, sita, sita. Kuna watu hawarudi uwanjani baada ya kitu kama kile. Mei 2024, Bengaluru, ova ya mwisho tena, kapewa yeye. Chennai yako wewe, Coast, wanahitaji 17 ili wafuzu. Wa kwanza Dhoni kaupeleka nje ya uwanja. Wa pili kamtoa Dhoni kwa mpira wa polepole. Ova nzima alitoa 7. Unakumbuka ulikuwa wapi?

Coast_Leg_Spin

Nakumbuka. Tusiongelee.

Nile_Off_Break (Jinja)

Wazee, salamu kutoka Uganda. Mimi siyo wa timu yoyote, nitatazama warushaji tu. Sisi huku tulifika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka jana, na Frank Nsubuga akiwa na miaka 43 alirusha ova nne dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio 4 tu, wiketi 2. Hana kasi hata ya kuvunja yai. Kwenye ligi hii kuna warushaji wa kasi wenye bei ya jumba la ghorofa, na 4 ndiyo wanayotoa kwa mpira mmoja. Masta, ukipata mtu anayelalamika kwamba mchezo ni wapigaji tu, mwekee mechi ya Sunil Narine wa Kolkata. Ova ya Narine watu wanacheza kwa adabu.

Masta_Rimoti

Wakuu mmenipa elimu. Nimeuliza fundi, kifurushi changu cha king'amuzi chaneli ya kriketi imo. Kesho skrini kubwa Kolkata na Bengaluru, ndogo nitaweka mechi za timu za taifa. Jumapili saa 7 Hyderabad na Rajasthan, saa 11 Chennai na Mumbai. Kiingilio mia tano, Jumapili mia tano kwa zote mbili. Ila kijana mmoja wa vitambaa kaniambia ndugu zake wa Kolkata wanasema wametangaziwa tahadhari ya mvua. Mvua ikinyesha huko inakuwaje? Nirudishe hela?

Skoa_wa_Upanga

Mvua wanasubiri, na wanapunguza ova kadiri muda unavyokwisha. Wakishindwa kabisa kupata hata ova tano kwa kila timu, mechi inafutwa na kila mmoja anapata pointi moja. Hatua hii ya ligi hakuna siku ya kurudia.

Wewe usikate tiketi mapema. Shilingi ya nani aanze inarushwa saa 10 na nusu kwa saa zetu. Waache wakae bure, wauzie chai wasiofunga, ukiona manahodha wametoka na mwamuzi na turubai limeondolewa uwanjani, pita na kikapu.

Baba_Kulthumu

Masta, hiyo feni nyingine utaitengeneza? Nikija nataka kukaa chini ya inayozunguka.